SOMO: KUUNGANISHA KAMERA NA DEKI YA VIDEO KWA WAYA WA KIDIJITALI

Namna ya kuokoa kumbukumbu za mikutano zilizomo katika kaseti

(Somo hili ni la makatibu, wajumbe wa kamati na wanachama wote wa vyama vya msingi. Lisomwe katika vikundi, na maswali yaliyo mwishoni yajadiliwe.)

1. Sababu ya somo hili

Kila mwanachama anaijua methali isemayo kuwa mali bila daftari hupotea bila habari. Kwa miaka mingi daftari la chama lilikuwa la karatasi tu: kitabu cha mihtasari, leja, stakabadhi na rejista ya wanachama. Lakini tangu miaka ya 1990 vyama vingi vilianza kuwa na daftari la namna nyingine bila ya kulitambua kuwa ni daftari. Mkutano mkuu ulipofanyika, au ghala jipya lilipofunguliwa, aliitwa mpiga picha wa video. Akapiga, akalipwa, akakabidhi kaseti. Kaseti ikatiwa katika kabati la ofisi pamoja na mihuri iliyochakaa, na huko imelala mpaka leo.

Wahenga walisema pia kuwa akiba haiozi. Kwa kaseti, msemo huo si wa kutegemewa. Utepe wa video ni plastiki nyembamba iliyopakwa unga wa sumaku kwa gundi. Unyevu huilegeza gundi, vumbi huukwaruza utepe, na kuvu huota juu yake katika maeneo yenye joto na mvua. Mwaka 2015 hifadhi ya taifa ya filamu na sauti ya Australia ilitoa onyo kwamba tepe ambazo hazingehamishwa katika mfumo wa kidijitali kufikia mwaka 2025, aghalabu zingekuwa zimepotea. Mwaka huo umekwisha kupita.

Hatari ya pili ni kubwa kuliko ya kwanza, nayo ni kutoweka kwa mashine. Mwezi wa Julai 2016 kampuni ya Funai ya Japani, iliyokuwa ya mwisho kutengeneza deki za VHS, iliacha kazi hiyo. Kamera zinazotumia kaseti ndogo nazo hazitengenezwi tena. Utepe unaweza kuwa mzima kabisa, lakini ukikosa mashine ya kuusoma ni sawa na sanduku la chuma ambalo ufunguo wake umetupwa baharini.

Kwa hiyo somo hili linaeleza jinsi ya kuunganisha kamera ya video, au chombo kingine cha nje, na deki ya kurekodia ya nyumbani kwa kutumia tundu la kidijitali, ili yaliyomo katika kaseti yahamishwe yakiwa hayajapungua.

2. Tofauti ya analojia na dijitali

Wanachama wengi wa Tanzania Bara wanakumbuka kwamba tarehe 31 Desemba 2012 mitambo ya televisheni ya analojia ilianza kuzimwa Dar es Salaam, na watu wakalazimika kununua ving'amuzi. Tofauti iliyoonekana siku zile ndiyo tofauti inayohusika hapa.

Katika analojia, picha husafiri ndani ya waya kama mkondo wa umeme unaopanda na kushuka kufuata mwanga na giza la picha. Waya ukiwa mbovu, mkondo hubadilika, na picha hubadilika nao. Kila mara kaseti inaponakiliwa kwa namna hiyo, nakala huwa dhaifu kuliko asili yake. Na nakala ya nakala huwa dhaifu zaidi. Ni kama habari inayopitishwa mdomo kwa mdomo kutoka kijiji hadi kijiji.

Katika dijitali, picha imekwisha kugeuzwa kuwa tarakimu. Kinachosafiri ni hesabu, wala si sura ya picha. Chombo kinachopokea huandika tarakimu zile zile zilizotumwa. Ni kama karani anayenakili leja: akiandika 4,750 mahali palipoandikwa 4,750, nakala yake ni sawa na asili, hata kama mwandiko ni tofauti.

Kamera za kidijitali za kaseti zilianza kuuzwa mwaka 1995, zikitumia mfumo uitwao DV. Kaseti zake ndogo huitwa MiniDV. Mwaka 1999 kampuni ya Sony ilileta mfumo wa Digital8, ambao huandika tarakimu hizo hizo za DV juu ya kaseti za milimita 8. Katibu akiona mojawapo ya alama hizo mbili juu ya kaseti au juu ya kamera, ajue kwamba yaliyomo ni tarakimu tayari, na ni hasara kuyapitisha katika waya wa analojia.

3. Matundu ya deki na kazi ya kila moja

Kosa linalowagharimu watu fedha ni kudhani kwamba kila tundu la kidijitali hufanya kila kazi. Sivyo. Matundu ni kama milango ya ghala: mmoja ni wa kuingizia mazao, mwingine ni wa kutolea, na mwingine ni wa karani tu.

(a) Tundu la DV. Hili ndilo muhimu katika somo hili. Jina lake rasmi ni IEEE 1394, kwa kufuata kanuni iliyopitishwa mwaka 1995. Kampuni ya Apple huliita FireWire, Sony huliita i.LINK, na juu ya deki nyingi limeandikwa DV tu. Majina ni mengi, chombo ni kimoja. Katika deki za kurekodi DVD, tundu hili aghalabu liko mbele, chini ya kifuniko kidogo, na kwa kawaida ni la kupokea tu. Deki hupokea kutoka kwa kamera, lakini haitoi chochote kupitia hapo.

Waya wa DV huwa na vichwa vya namna mbili. Kichwa kidogo kina pini 4, nacho hutumika katika kamera na deki nyingi. Kichwa kikubwa kina pini 6, nacho hutumika zaidi katika kompyuta. Pini mbili kati ya hizo hubeba umeme. Kabla ya kununua waya, Katibu atazame matundu ya pande zote mbili. Kamera na deki huhitaji waya wa pini 4 kwa pini 4. Kamera na kompyuta aghalabu huhitaji pini 4 kwa pini 6. Urefu wa kawaida wa waya usizidi mita 4 na nusu.

(b) Tundu la HDMI. Kanuni yake ya kwanza ilitolewa mwishoni mwa mwaka 2002. Hupeleka picha na sauti pamoja kutoka katika deki au king'amuzi kwenda kwenye televisheni. Katika deki za nyumbani tundu hili ni la kutolea. Mtu anayechomeka waya wa HDMI kutoka katika kamera akitazamia deki irekodi, atasubiri mpaka asubuhi.

(c) Tundu la USB. Katika deki nyingi zilizo nalo, tundu hili ni la kusomea picha za kawaida, nyimbo au mafaili ya video yaliyomo katika flashi. Kamera nyingi za kaseti nazo zina tundu la USB, lakini kazi yake aghalabu ni kutoa picha zisizotembea zilizomo katika kadi ya kumbukumbu. Video iliyo ndani ya utepe itolewe kwa tundu la DV. Kamera zisizotumia kaseti, zile za kadi, ndizo zinazotoa video yake kwa USB.

(d) Tundu la sauti ya kidijitali. Liko la mviringo, na liko la mwanga. Kazi yake ni kupeleka sauti katika redio au spika kubwa. Halibebi picha hata kidogo.

(e) Matundu ya njano, nyekundu na nyeupe. Haya si ya kidijitali. Ni ya analojia. La njano ni la picha, na mawili yaliyobaki ni ya sauti. Yanatajwa hapa kwa sababu ndiyo yanayotumiwa na watu wengi kwa mazoea, hata pale ambapo waya wa DV ungefaa zaidi.

4. Faida ambayo Katibu asiisahau: tarehe

Ichukuliwe mfano wa chama cha msingi cha wakulima ambacho mwaka 2004 kilifanya mkutano mkuu na kuazimia kununua kiwanja kwa michango ya wanachama. Miaka ikapita. Mchwa wakaingia kabatini na kula kurasa za kitabu cha mihtasari. Baadhi ya wazee waliokuwapo wakafariki dunia. Leo warithi wao wanafika ofisini kudai kwamba wazazi wao walichanga, na kamati mpya haina habari. Kisha inaonekana kaseti ya MiniDV isiyokuwa na maandishi yoyote juu yake.

Kaseti hiyo ikichezwa na kunakiliwa kwa waya wa njano, watu wataonekana na sauti zao zitasikika, lakini swali litabaki: ni mkutano wa mwaka gani? Mwenye kupinga atasema ni mkutano mwingine. Lakini mfumo wa DV huandika juu ya utepe, pamoja na kila picha, tarehe na saa iliyosomwa katika saa ya kamera. Maandishi hayo hayaonekani mpaka yaitwe kwa kitufe cha rimoti au kwa programu ya kompyuta. Waya wa DV huyabeba pamoja na picha. Waya wa njano huyaacha nyuma.

Lakini tahadhari mbili zinahitajika. Kwanza, saa ya kamera ni ya kweli ikiwa tu mpiga picha aliirekebisha. Kama hakuirekebisha, tarehe itakosekana au itakuwa ya uongo. Pili, video haichukui nafasi ya muhtasari uliotiwa sahihi. Azimio la mkutano mkuu huthibitishwa kwa muhtasari; video ni shahidi wa kusaidia. Hata hivyo shahidi aliye hai ni bora kuliko kabati tupu, na warithi wa mfano huu watafurahi kumwona mzazi wao akisimama, akitaja jina lake na kuweka fedha mezani.

5. Njia mbili: deki au kompyuta

Kamera inaweza kuunganishwa na deki ya kurekodi DVD, au na kompyuta yenye tundu la IEEE 1394. Kila njia ina hesabu yake.

Mfumo wa DV hutumia, pamoja na sauti, takriban megabaiti 3.6 kwa kila sekunde. Saa moja ina sekunde 3,600. Kwa hiyo:

3.6 × 3,600 = megabaiti 12,960, yaani karibu gigabaiti 13 kwa saa moja ya kaseti.

DVD ya kawaida ina nafasi ya gigabaiti 4.7. Ni dhahiri kwamba gigabaiti 13 haziwezi kuingia humo bila ya kubanwa. Deki hufanya kazi hiyo yenyewe: hupokea tarakimu za DV, huzibana, kisha huandika. Katika kiwango cha juu kabisa, DVD moja hubeba saa moja. Katika kiwango cha kawaida hubeba saa mbili. Picha ya DVD hupendeza machoni, lakini si tarakimu zile zile tena, na ile tarehe iliyofichika aghalabu hupotea katika kubanwa huko.

Kompyuta haina haja ya kubana. Huandika gigabaiti 13 zote kama zilivyo, pamoja na tarehe. Chama chenye kaseti 14 za saa moja moja kitahitaji:

14 × 13 = gigabaiti 182.

Kwa kuwa nakala moja si nakala, ziwekwe nakala mbili katika diski mbili tofauti, kila moja ya gigabaiti 500. Nafasi itabaki kwa mikutano ijayo.

Shauri linalofaa ni hili: kama kompyuta yenye tundu inapatikana, nakala ya kuhifadhi ifanywe kwa kompyuta, na nakala ya kuwaonyesha wanachama ifanywe kwa deki. Kama kuna deki peke yake, kazi ifanywe kwa deki bila ya kungoja, na kaseti zenyewe zisitupwe.

Na kungoja kuna gharama. Kompyuta nyingi mpya hazina tundu la IEEE 1394. Mwaka 2025 hata kampuni ya Apple, iliyolipa tundu hilo jina la FireWire, iliacha kuliwezesha katika toleo jipya la mfumo wa kompyuta zake. Kwa hiyo kompyuta ya zamani iliyokaa pembeni mwa ofisi isiuzwe kama chuma chakavu kabla ya kutazamwa ubavuni.

6. Kazi yenyewe, hatua kwa hatua

Hatua ya kwanza: kuilinda kaseti. Ukingoni mwa kaseti ya MiniDV kuna kitelezi kidogo chenye maneno REC na SAVE. Kisukumwe upande wa SAVE. Kuanzia hapo hakuna mtu anayeweza kurekodi juu ya mkutano kwa bahati mbaya. Hatua hii isirukwe, kwa sababu kosa lake halina dawa.

Hatua ya pili: kuikagua kaseti. Itazamwe kwa tochi kupitia kidirisha chake. Ikionekana unga mweupe au nyuzi za kuvu, isitiwe katika kamera. Kuvu kutoka kaseti moja huhamia katika vichwa vya kamera, na kutoka hapo katika kaseti nyingine zote. Kaseti hiyo itengwe mpaka apatikane fundi mwenye vifaa vya kuisafisha.

Hatua ya tatu: umeme. Kamera itumie umeme wa ukutani kupitia adapta yake, isitumie betri. Betri ikiisha katikati ya kazi, kazi inaanza upya. Pahala ambapo umeme hukatika mara kwa mara, kifaa cha kulinda vyombo kitumike.

Hatua ya nne: kuunganisha vyombo vikiwa vimezimwa. Kichwa cha waya kitazamwe umbo lake, kisha kiingizwe taratibu. Kikikataa, kisilazimishwe, kigeuzwe. Hili ni la lazima hasa kwa kichwa cha pini 6, kwa sababu kikiingizwa kinyume kwa nguvu, umeme huingia katika njia za tarakimu na kuunguza chombo mara moja. Kamera nyingi zimekufa kwa sababu hiyo tu.

Hatua ya tano: kuwasha. Kamera iwashwe kwa hali ya kuchezesha, inayoandikwa VCR au PLAY, si kwa hali ya kupiga picha. Kisha deki iwashwe, na kwa rimoti ichaguliwe njia ya DV. Deki nyingi zitaonyesha katika kioo cha televisheni kwamba kamera imetambuliwa. Waya huo mmoja hubeba picha, sauti na amri, hata deki nyingi zinaweza kuiamuru kamera icheze au isimame bila ya mtu kuigusa.

Hatua ya sita: kuurudisha utepe mwanzo. Kaseti iliyolala miaka mingi ipelekwe mbele hadi mwisho, kisha irudishwe hadi mwanzo, kabla ya kunakiliwa. Mizunguko ya utepe iliyogandamana hulegea na kujipanga upya.

Hatua ya saba: kujaribu. Zirekodiwe dakika mbili, kisha zichezwe. Sauti isikilizwe. Kama picha ipo na sauti haipo, itazamwe katika deki mahali pa kuchagua sauti ya DV, kwa sababu mfumo huo unaweza kubeba njia mbili za sauti, na huenda deki inasikiliza ile iliyo tupu.

Hatua ya nane: kurekodi. Kazi huenda kwa mwendo wa utepe wenyewe. Kaseti ya saa moja huchukua saa moja. Kaseti 14 ni saa 14, na kuzikagua baadaye ni saa nyingine 14. Kamati isimpe Katibu siku moja kwa kazi ya wiki nzima. Haraka haraka haina baraka.

Hatua ya tisa: kuifunga DVD. DVD iliyorekodiwa katika deki moja aghalabu haichezi katika deki nyingine mpaka ifungwe kwa amri iliyomo katika deki hiyo. Wengi husahau. DVD ikapelekwa kwenye mkutano, deki ya kukodi ikaikataa, na wanachama 200 wakabaki wakitazama kioo cheusi.

7. Matatizo ya kawaida na utatuzi wake

Deki haiioni kamera. Itazamwe kama kamera iko katika hali ya kuchezesha, na kama njia iliyochaguliwa ni DV. Kisha vyombo vizimwe, waya utolewe na kurudishwa, viwashwe tena. Kama kamera ni ya mfumo wa HDV, uliotangazwa mwaka 2003 na unaotumia kaseti hizo hizo ndogo, deki nyingi za DVD hazitaielewa mpaka kamera ielekezwe katika orodha yake kugeuza HDV kuwa DV.

Picha inakatika vipande vya mraba. Vichwa vya kamera vina uchafu, au utepe ulirekodiwa kwa mwendo wa polepole, ule wa LP, unaochezeka vizuri zaidi katika kamera ile ile iliyourekodi. Vichwa visafishwe kwa kaseti maalumu ya kusafishia, kwa sekunde chache tu kama maelezo yake yanavyosema.

Kamera inaonyesha alama ya tone la maji. Umande umeingia ndani. Hutokea kamera ikitoka mahali pa baridi na kuingia mahali pa joto. Kaseti itolewe, mlango wake uachwe wazi, na kamera ipumzike kwa muda wa saa moja au zaidi.

Faili linakataa kuzidi gigabaiti 4 katika kompyuta. Diski imetayarishwa kwa mtindo wa zamani wa FAT32. Itayarishwe upya kwa mtindo wa NTFS au exFAT ikiwa bado tupu, maana kazi hiyo hufuta kila kilichomo.

Kamera iliyonunuliwa kutoka Ulaya inatoa lakini haipokei. Huenda si mbovu. Kamera nyingi zilizouzwa huko zilizuiwa kupokea kwa tundu la DV kwa sababu ya viwango vya ushuru wa forodha, ambao ulikuwa mkubwa zaidi kwa chombo kinachohesabiwa kuwa kinasa video. Kwa kazi ya kuokoa kaseti hilo halina madhara, kwa sababu kinachotakiwa ni kutoa tu.

8. Kaseti za VHS

Katibu ataulizwa: na zile kaseti kubwa je? VHS, iliyoanza kuuzwa Japani mwaka 1976, ni analojia. Waya wa kidijitali hauwezi kuugeuza utepe wa analojia, kama vile gunia jipya lisivyoweza kuugeuza mtama kuwa mchele. Hapana budi kuwe na chombo cha kugeuza katikati. Deki zenye mlango wa VHS na mlango wa DVD katika sanduku moja hufanya kazi hiyo zenyewe. Kama hakuna, deki ya VHS huunganishwa kwa nyaya za njano, nyekundu na nyeupe na deki ya kurekodi, au na kigeuzi kinachoingia katika tundu la USB la kompyuta. Kabla ya kuanza, kipande kidogo cha plastiki kilicho ukingoni mwa kaseti ya VHS kivunjwe, ili isirekodiwe juu yake.

Filamu za dukani si sehemu ya kazi hii. Nyingi zimewekewa kinga ya kuzuia kunakiliwa, na Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya Tanzania ya mwaka 1999 inalinda haki za wenyewe. Chama kinakili kilicho chake.

9. Wajibu wa Kamati na Katibu

Kazi hii ni ya ufundi, lakini kabla ya ufundi ni kazi ya uangalizi wa mali ya chama. Kwa hiyo mambo yafuatayo yazingatiwe.

Kwanza, ifunguliwe rejista ya kaseti. Kila kaseti ipewe namba, na ziandikwe aina yake, tarehe inayodhaniwa, tarehe iliyoonekana katika utepe, yaliyomo, hali yake, tarehe ya kunakiliwa, na mahali nakala zilipo. Tarehe inayodhaniwa na tarehe iliyoonekana ziwe katika safu mbili tofauti, zisichanganywe.

Pili, chama kisikimbilie kununua. Vyama vitatu au vinne vya jirani vinaweza kuchangia kamera moja, waya mmoja na deki moja, vikatumia kwa zamu. Huo ndio ushirika wenyewe. Kamera na deki zilizotumika zijaribiwe kwa kaseti isiyo na thamani mbele ya muuzaji kabla fedha hazijatoka, na stakabadhi idaiwe.

Tatu, kaseti ikipelekwa kwa fundi wa mjini, itoke kwa hati ya makabidhiano yenye namba ya kila kaseti, na irudi kwa hati hiyo hiyo. Kaseti isiyoandikwa ikipotea, hakuna wa kuulizwa.

Nne, nakala mbili zisilale katika kabati moja. Diski moja ikae ofisini, na nyingine ikae mahali pengine palipokubaliwa na kamati, kama vile katika ofisi ya chama kikuu. Kila mwaka, kabla ya mkutano mkuu, diski zote mbili zifunguliwe na kukaguliwa, kama fedha taslimu zinavyohesabiwa.

Tano, kaseti za asili zihifadhiwe zikiwa zimesimama wima, ndani ya maganda yake, mahali pakavu, mbali na jua na mbali na spika kubwa, kwa kuwa ndani ya spika mna sumaku.

Sita, wanachama waonyeshwe. Kumbukumbu iliyofungiwa haimfundishi mtu. Vijana waliojiunga juzi wakiwaona waasisi wakibishana kwa hoja juu ya bei ya pembejeo, kisha wakipiga kura na kukubali matokeo, watajifunza ushirika kuliko kwa hotuba nyingi.

10. Maswali ya kujadiliwa katika vikundi

1. Chama chenu kina kaseti ngapi? Ni ngapi za MiniDV au Digital8, na ni ngapi za VHS? Nani anajua yaliyomo?

2. Kwa nini nakala iliyofanywa kwa waya wa njano haiwezi kuonyesha tarehe iliyofichika katika utepe wa DV?

3. Chama kina kaseti 9 za MiniDV za saa moja moja. Kitahitaji gigabaiti ngapi kwa nakala moja? Kwa nakala mbili? Kazi ya kunakili na kukagua itachukua saa ngapi?

4. Mjumbe mmoja anapendekeza kwamba baada ya kunakili, kaseti zitupwe ili kabati lipate nafasi. Mjibuni kwa sababu mbili.

5. Warithi wa mwanachama aliyefariki wanaomba nakala ya mkutano ambao mzazi wao alisema. Kamati ifuate utaratibu gani katika kuwapa, na jambo hilo liandikwe wapi?